Barabara zipi zisipimwe?

Kihisi cha kawaida cha kuhesabu magari ni koili ya waya iliyozikwa chini ya lami. Gari likipita juu yake, chuma chake huvuruga uga wa sumaku wa koili na kifaa kilicho kando ya barabara huhesabu moja. Kukizika ni kazi: lami ikatwe, njia ifungwe, na baadaye waya urekebishwe kila barabara inapobonyea. Hakuna mji wenye fedha za kuweka kihisi kila mahali. Je, tukipima baadhi ya barabara, zilizobaki zinaweza kukokotolewa?

Mwaka 2009 watafiti Shou-Ren Hu, Srinivas Peeta na Chun-Hsiao Chu walilijibu swali hilo kwa matriksi, ila mbinu yao ilidai orodha ya njia zote ambazo madereva wanaweza kufuata. Katika mji mkubwa orodha hiyo huvimba kupita kiasi. Mwaka 2012 mtafiti ManWo Ng aliachana nayo, akashika kanuni moja tu: magari yanayoingia kwenye makutano ndiyo yanayotoka. Kila makutano hutoa mlinganyo mmoja, na kila mlinganyo huokoa kihisi kimoja.

Chukua makutano manne yaliyokaa mraba, yakiunganishwa na barabara za kwenda na kurudi, na kila moja likiwa na barabara mbili za namna hiyo zinazotoka nje ya mtandao. Kila mwelekeo ukihesabiwa peke yake, tuna vipande 24. Toa vinne, kimoja kwa kila makutano, vinabaki 20 vya kuwekewa vihisi. Akiba hiyo ni ndogo, na mpangaji anapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Uzito wa kazi uko kwenye kuchagua vile vipande vinne visivyopimwa. Visivyopimwa visiunde mzunguko. Ukiacha kwenda na kurudi kati ya makutano mawili bila kihisi, unaweza kuongeza magari 500 kila upande na hesabu za makutano yote zikabaki sawasawa. Hakuna kifaa kitakachoyaona. Hata njia inayoingia kutoka nje, ikapita ndani na kutokea nje tena bila kupimwa popote, ni mzunguko wa aina hiyo, kwa kuwa huko nje kote huhesabiwa kama makutano mamoja.

Kuna jambo jingine ambalo naona wengi hulipita haraka. Barabara kuu ina magari 1,000 kabla ya kichochoro na 950 baada yake. Vihisi vikikosea kwa asilimia 2, kosa la kwanza ni magari 20 na la pili 19. Kichochoro kikikokotolewa kwa kutoa, jibu ni 50, lakini kosa lake ni kama 28 (kipeuo cha pili cha 20² + 19²). Jibu hilo halifai kitu. Geuza: pima kichochoro, ambacho kosa lake ni gari moja, kisha kokotoa yale 950. Kosa linabaki kama 20, karibu sawa na 19 la kuipima barabara yenyewe. Kwa hiyo kihisi kiende kwenye njia ndogo, na barabara kubwa iachiwe hesabu. Mazoea ya ofisini ni kinyume chake.

Kanuni ya kuingia na kutoka nayo ina sharti. Kituo cha mafuta au maegesho katikati ya kipande huingiza na kutoa magari, basi nacho kihesabiwe kama mlango wa nje. Dar es Salaam au Kampala kuna bodaboda pia: chuma chake ni kidogo, koili nyingi humkosa, na anayepita kando ya lami haguswi kabisa. Hapo kamera inafaa zaidi.

Mimi nisingeweka idadi ya chini kabisa ya vihisi. Kwa idadi hiyo, kihisi kibovu hakina wa kukisuta, isipokuwa hesabu ikitoa magari chini ya sifuri. Makutano machache yaliyopimwa pande zote, hasa yale yenye magari mengi, yataonyesha siku hiyohiyo kwamba yanayoingia na yanayotoka hayalingani, na fundi ajue pa kwenda.