Kwarara Bila Mtaa

Nianze na picha yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nawatupia wengine mawe. Ni ya kwarara, yule ndege mweupe wa kichwa cheusi na mdomo uliopinda kama mundu, amesimama kwenye Mto Ngong unapopita Mukuru kwa Reuben. Maji ni meusi ti, ndege anang'aa. Ukiiona utadhani niliipigia Naivasha alfajiri. Niliipiga Januari 2024, na watu waliipenda kushinda chochote nilichowahi kupiga.

Mama anayeuza omena karibu na daraja aliitazama kwenye simu yangu, akaivuta kwa vidole viwili.

"Hii ni hapa kwetu?"

"Ndiyo, mathe."

"Na sisi uliweka wapi?"

Nilicheka tu. Sikuwa na jibu.

Kila anayepiga ndege wa maji anaijua shida hii. Kamera ikiona maji meusi mengi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na manyoya meupe yanaungua hadi yanabaki doa tupu kama karatasi. Kwa hivyo unapunguza mwanga makusudi. Manyoya yanapona, ila vingine vyote vinazama gizani. Ukifika kwa nyumba na kufungua faili kwenye Lightroom, una uamuzi wa kufanya. Ukiinua vivuli, mto unaanza kuongea: chupa za plastiki, gunia, bomba la maji taka, miguu ya mtoto anayechungulia. Ukiviacha chini, vyote vinapotea na wewe hujafuta kitu. Mimi niliviacha. Halafu nikakata sehemu ya juu, paa za mabati zikaenda.

Kwa sheria za mashindano, sina kosa. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, la makumbusho ya viumbe jijini London, linakataza kuongeza au kuondoa kitu kwenye picha. Ni wakali pia: mshindi wa 2009 alinyang'anywa tuzo baada ya waamuzi kuamini kwamba mbwa mwitu wake alikuwa mnyama wa kufugwa. Lakini kukata kingo za picha na kurekebisha mwanga kunaruhusiwa, mradi usimdanganye mtazamaji. Yaani nikifuta chupa moja, mimi ni mwongo. Nikikata mtaa mzima, mimi ni msanii.

Mfano mkubwa zaidi uko Ziwa Natron, kule Tanzania. Mwaka 2013 Nick Brandt, Mwingereza, alitoa kitabu *Across the Ravaged Land*. Ndani yake kuna ndege waliokufa na kukaushwa na magadi ya ziwa. Aliwaokota ufukoni, akawasimamisha kana kwamba wako hai, na hakuficha alichofanya. Ni picha zinazokushika koo. Lakini ziliposambaa intaneti zikatembea peke yao, na watu wengi wakaamini kuna ziwa Afrika linalogeuza viumbe kuwa mawe papo hapo. Ziwa hilohilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Filamu *The Crimson Wing* ya 2008 ilikuwa imeshaonyesha vifaranga wao palepale. Leba ikageuzwa mochari, na hakuna aliyefuta hata unyoya.

Mwaka 2016 Brandt alirudi na *Inherit the Dust*. Alisimamisha picha za wanyama, kwa ukubwa wao halisi, kwenye majaa na machimbo ya Kenya ambako zamani walipita. Safari hii watu wamo. Ni kazi ya uaminifu zaidi, lakini bado inanisumbua. Watu wamo kama uharibifu uliomfukuza mnyama. Kwarara wetu hakufukuzwa. Alikuja. Anachokora taka na matope ya mto kwa sababu kuna chakula hapo, na chakula kiko hapo kwa sababu sisi tuko hapo. Ukitutoa kwenye fremu hujatusingizia sisi peke yetu, umemsingizia ndege pia. Muulize yeyote anayeweka orodha ya ndege: jina bila mahali na tarehe si rekodi.

Najua jibu la vijana wenzangu, na ni la haki. Wanasema, tumechoka na picha za mtaro. Kila mgeni akishuka na lenzi yake anapiga mtoto peku kando ya maji machafu, anaenda. Acha basi kwarara apendeze! Nakubali apendeze. Lakini mtaro bila watu na ndege bila mtaa ni picha za jamaa mmoja. Zote zinasema hakuna anayeishi hapa.

Na hiyo si hoja ya wasanii pekee. Aprili 2024 mvua ilipiga Nairobi, mto ukaingia manyumbani. Mwezi wa Mei serikali ikaamuru watu waondoke kandokando ya mito, na matingatinga yakaingia Mukuru. Maji ni hatari kweli, hakuna anayebisha. Ila niliposikia wakisema kingo zitarudishwa ziwe safi, zenye miti na ndege, nilijua picha wanayoiona kichwani. Nilikuwa nimeipiga mimi.

Uzuri wa Lightroom ni kwamba haikati kweli, inaficha tu. Nilifungua faili, nikarudisha kingo, nikainua vivuli. Kwarara akawa mdogo, weupe wake ukapoa kidogo. Juu yake zikatokea paa saba za mabati, kamba ya nguo, na mtu amesimama mlangoni, uso hauonekani. Kama picha ya kushindania, imeharibika. Hujui uangalie wapi kwanza.

Nilimpelekea mama wa omena. Siku hizi anauzia upande wa pili wa barabara. Hakumwangalia ndege hata kidogo. Alihesabu paa kutoka kushoto, akaweka kidole kwenye ya nne.

"Hii ndiyo ilikuwa yangu," akasema. "Nitolee moja kwa karatasi. Kubwa. Na usikate."