Injini kwanza, gari baadaye: kununua okazioni kati ya Kasindi na Butembo

Anayenunua gari la okazioni Butembo huanza kwa kuangalia rangi, mwaka na kilomita. Fundi mzuri huanza kwa swali: gari hili litafanya kazi wapi? Gari la kuzunguka mjini na gari la kushuka Beni, kupita Mangina na kuingia Mabalako kufuata kakao si gari moja, hata kama yote mawili yana nembo ya Toyota. Wengi wanaolia baada ya miezi mitatu hawakuuziwa gari bovu. Waliuziwa gari zima lenye injini isiyopatana na barabara yao wala na mafuta yao.

Huku kwetu swali hilo lina uzito wake. Kwenye barabara za eneo la Beni waasi wa ADF wamevamia magari mara nyingi, na kuna nyakati safari zimefanywa kwa msafara unaosindikizwa na jeshi. Gari likizimika saa kumi na moja jioni katikati ya vijiji viwili, waliomo wako hatarini. Kwa hiyo mtu asinieleze habari za redio na viti vya ngozi kabla hajaniambia kilichomo ndani ya kapo.

Tuanze na mafuta. Yanavuka Kasindi kutoka Uganda, na kabla ya kufika kwenye tanki yanaweza kupita kwenye pipa, bidoni na chupa ya kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara. Kila anayeyamimina huongeza maji kidogo na vumbi kidogo. Injini ya 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, huvumilia hali hiyo kuliko nyingi: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya mazutu ni ya chuma na springi, bila kompyuta. Fundi wa Mangina mwenye spana na akili anaifungua na kuifunga. Udhaifu wake mmoja mkubwa ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo umeingia gharama ya injini nzima.

Prado na Surf za miaka ya 1990 zenye 1KZ-TE ni habari nyingine. Zina nguvu na zinapendeza barabarani, lakini silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka injini ikichemka, na injini huchemka pale ambapo rejeta imejaa tope. Iliyofuata, 1KD-FTV ya Prado na Hilux mpya zaidi, husukuma mazutu kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana. Maji ya kwenye bidoni huziua. Tena sili za nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la chini, na injini hukosa oili wakati kijiti cha kupimia bado kinaonyesha imejaa. Sisemi gari hilo ni baya. Nasema linataka mafuta safi na fundi mwenye kompyuta, na Mabalako vyote viwili ni vya kutafuta.

Kwa magari madogo ya esansi, fungua kapo usome kifuniko cha injini. Ukiona D-4, kama kwenye baadhi ya Noah na RAV4 zilizoundwa kwa soko la Japani kuanzia miaka ya 2000, au GDI ya Mitsubishi iliyotoka mwaka 1996, rudisha kapo taratibu uage. Injini hizo hupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake haisamehe uchafu. RAV4 ya zamani yenye 3S-FE, Corolla yenye 5A-FE au Probox yenye 1NZ-FE hazina makuu, na ndiyo sababu vipuri vyake havikusumbui kuvipata.

Ukishachagua injini, sasa nenda kalione gari, na uende asubuhi bila kumpigia komisioneri, yaani dalali, simu ya kumwamsha. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha kabla yako ili kuficha jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Sema utarudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani. Ukikuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Fungua na rejeta uangalie kama oili inaelea juu ya maji. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa za oili, betri na injini lazima ziwake zote, halafu zizimike injini ikiunguruma. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka, maana yawezekana mtu ameng'oa balbu ili usione ugonjwa.

Injini ikiwaka, mwenzako asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha ni maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi kwenye mazutu mara nyingi ni nozeli au pampu. Wewe baki mbele umeshika bomba la juu la rejeta. Bomba likikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, basi gesi ya silinda inavuja kupitia gasketi au ufa wa hedi. Hakuna rangi wala bei itakayofidia hilo.

Halafu lipandishe mlima. Kutoka Beni, penye mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hadi Butembo, penye zaidi ya 1,700, ni kama kilomita 54, na sijui kipimo bora kuliko mwinuko huo. Hali ya usalama isiporuhusu, tafuta kilima chochote cha Butembo; havikosekani. Angalia mshale wa joto. Ukipanda kupita katikati, umejibiwa. Usipofika katikati kabisa hata baada ya nusu saa, shuku kwamba termostati imetolewa ili gari lisichemke mbele ya mnunuzi. Miradi ya lami ya Kasindi–Beni na Beni–Butembo, ambayo Uganda na Kongo zilizindua Juni 2021, haigusi njia ya Mabalako, kwa hiyo usilipime gari la huko kwenye lami peke yake. Lipitishe kwenye mashimo huku redio imezimwa.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huikimbia, kwa sababu inachafua shati, ni kulala chini ya gari. Kwenye Land Cruiser angalia fremu mahali zinaposhikwa springi za nyuma na kisanduku cha usukani. Nyufa huanzia hapo. Rangi nyeusi mpya kwenye kipande kimoja tu cha fremu inaficha weldingi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Gari la Japani kutoka Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kung'aa juu huku chini limeoza.

Kilomita za dashibodi usizikatae wala usiziamini. Zilinganishe. Mafundi wa Japani hubandika kikaratasi ndani ya kapo au kwenye nguzo ya mlango, chenye tarehe ya kubadilisha oili au mkanda pamoja na kilomita za siku hiyo. Mwaka unaweza kuwa wa Kijapani: Heisei 22 ni 2010, Reiwa 3 ni 2021. Kikaratasi kikisema 143,000 na dashibodi ikisema 89,000, huna haja ya kubishana na mtu. Kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, tafuta herufi R au RA; maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwa gari lililopitia Dubai au Sharjah, ambako magari ya Marekani yaliyoharibika hufufuliwa, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Alama ya tope kwenye sehemu ambayo kamwe haiguswi ni ya mafuriko, na nyaya za gari la namna hiyo hazitakupa raha tena.

Magari mengi yanayopitia Mombasa na Kampala yana usukani wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia. Kama usukani umehamishwa, mkaguzi wako aanze na breki: pedali, mabomba, na ukuta wa chuma uliokatwa na kuchomelewa. Kama haujahamishwa, taa za mbele zimeundwa kumulika zaidi upande wa kushoto, yaani usoni mwa anayekuja. Zirekebishwe au zibadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya usiku.

Karte roze na hati za forodha za Kasindi zisome ukiwa umeinama kwenye fremu, tarakimu moja baada ya nyingine. Namba ya chesisi iliyosuguliwa, au iliyo kwenye bamba lililochomelewa upya, inaweza kuwa ya gari lililoibiwa ng'ambo ya mpaka. Litachukuliwa na dola zako hazitarudi.

Usimalize fedha zote kwa muuzaji. Wiki ya kwanza ni ya mkanda wa taimingi, kama injini inao, hata akikuapia umebadilishwa juzi, kisha oili, filta zote, na kichujio cha kutenganisha maji na mazutu kama gari halina. Ndipo upakie kakao.