Kigololi cha Digrii 7

Pikapu ya Land Cruiser FJ45 yenye injini ya 2F ililetwa gereji na malalamiko yasiyo ya kawaida. Mwenye gari alikuwa amefunga pointi mpya ndani ya distributa, na tangu siku hiyo injini ilikuwa inagonga kila ilipopanda mlima na mzigo. Tulizikagua pointi: safi, nafasi yake sawasawa. Kosa lilikuwa limetangulia, na njia iliyotufikisha kwalo inaonyesha kwa nini taimingi ina utaratibu usiorukwa hata hatua moja.

2F ni injini ya petroli ya lita 4.2, silinda 6 kwenye mstari mmoja, zinazowaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Mafuta hayawaki yote kwa mpigo, kwa hiyo cheche lazima itangulie pistoni. Kipimo cha Toyota ni digrii 7 kabla pistoni haijafika juu kabisa, injini ikizunguka mara 650 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta. Kwa mwendo huo, digrii 7 hazifiki hata sehemu 2 za elfu za sekunde.

Cheche hutoka pale pointi zinapofunguka. Kila silinda ina fungu la digrii 60 katika mzunguko wa distributa. Pointi zinatakiwa zikae zimefungwa kwa digrii 41 ili koili ijae nguvu, kisha zifunguke kwa 19 zilizobaki. Lakini kisigino cha pointi husuguana na kemu, na siku zinavyokwenda kinalika. Nafasi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na cheche nayo inachelewa. Gari linakuwa zito, linachemka upesi na kunywa mafuta.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Fundi aliyetangulia alisikia injini imezubaa, akazungusha distributa kwa sikio mpaka ikachangamka. Cheche ilirudi mahali pake, ila kwa kuegemea pointi zilizolika. Pointi mpya zilipoingia zikaisogeza mbele tena, juu ya kile alichokwisha kuongeza yeye. Moto ukawa unawahi mno, na pistoni inapanda huku ikisukumwa irudi chini.

Kwa hiyo tulianza na pointi. Mita ya dweli, inayopima digrii ambazo pointi hukaa zimefungwa, ilisoma 41. Injini ikapashwa moto vizuri, mrija wa vakyumu ukachomolewa na kuzibwa, taa ya taimingi ikabanwa kwenye waya wa plagi namba 1. Ubavuni mwa nyumba ya klachi kuna kidirisha, na ndani yake flaiwili imepachikwa kigololi cha chuma kuonyesha zile digrii 7. Tulikifuta grisi kwa kitambaa, tukakitia nukta ya rangi nyeupe. Taa ilipomulika, kigololi hakikuonekana kabisa.

Rota ya 2F huzunguka kisaa. Ukigeuza mwili wa distributa kisaa, unachelewesha cheche. Ukigeuza kinyume, unaiwahisha. Tulilegeza bolti, tukageuza kisaa kidogo kidogo, mpaka ile nukta nyeupe ikatulia mbele ya alama ya kidirishani. Tukakaza bolti, tukamulika tena, maana kukaza kwenyewe kunaweza kuisogeza distributa.

Kisha tukakanyaga mafuta. Kigololi kikakimbia kutoka kidirishani, na mguu ulipoachia kikarudi palepale. Maana yake vile vyuma vizito ndani ya distributa, vinavyowahisha cheche mwendo unapoongezeka, viko huru. Vikikwama, hakuna taimingi itakayofaa barabarani hata kama kigololi kimekaa sawa.

Nawaheshimu mafundi wa sikio, lakini sikio husikia matokeo, halioni chanzo. Tena Nairobi, mita takriban 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi huvumilia cheche iliyowahi. Gari lililopangwa huko kwa sikio laweza kuanza kugonga likishafika Mombasa. Alama ya flaiwili ni ileile kote.

Pikapu ilirudishwa kwenye mlima uleule, ikiwa na mzigo uleule, na ikapanda bila kugonga. Alama tuliyohitaji ilikuwamo garini tangu lilipotoka kiwandani. Kilichokosekana ni mpangilio wa kazi: pointi kwanza, distributa mwisho.