Teremka Tukaze

Katika nyumba nyingi za Tanga, kitanda cha kamba siku hizi kimehamia uani. Kinaanikiwa makopa na magodoro ya watoto, na mvua ikitishia kinasukumwa upenuni. Lakini kukipasua kuni, hapana. Cha kwetu bibi alikizalia wanawe wote, na siku alipofariki ndicho alichooshewa, maji yakipita baina ya kamba hadi kwenye ufuo uliochimbwa chini yake. Godoro la sponji halijawahi kupewa kazi zote hizo.

Kamba zilipokatika tukamwita mzee mmoja wa mtaani ambaye bado anawamba. Jumamosi hiyo nilikuwa na ratiba yangu: kupalilia mchicha, kupaka geti rangi. Geti lina kutu mpaka leo. Niliketi kwenye kigoda nikamtazama hadi alasiri.

Alianza kwa kubomoa. Kitanda kikishavuliwa kamba, hakuna tena kinachokishika: mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, cha mchagoni na cha miguuni, vinachomoka kwenye matundu ya matendegu bila msumari wala gundi. Mvuto wa kamba ndio unaovibana, na mtu akilala, uzito wake unazivuta mbao ndani na maungio yanazidi kushikana. Nimeona vitanda vya dukani vya bei mbaya vinavyolia kila mtu akigeuka. Hiki kinataka kilaliwe ndipo kikae sawa.

Matendegu yetu ni ya mfenesi, yamekerezwa. Mti huo ukikatwa ni wa manjano, kisha miaka inaupeleka kwenye hudhurungi. Mzee alimimina maji ya moto kwenye kila tundu, kwa sababu kunguni hawana mtaa wanaoupenda kama huo, akayalaza matendegu juani. Akasubiri. Kusubiri ni sehemu ya ufundi wake, na halipishi.

“Mwanangu, katani au nailoni?” akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu analolitaka.

Tanga kuulizwa hivyo ni karibu na kutukanwa. Katani iliingia nchini mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani, yakizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla kamba za plastiki hazijaibomoa bei. Mzee mwenyewe angependa usumba, ule wa makumbi yanayofukiwa ufukweni miezi kadhaa, yakapondwa, yakasokotwa kwa viganja, maana hauozi upesi na una mnepo. Lakini usumba mzuri unatafutwa. Nailoni anaiwamba akiombwa, ila hunung’unika: inateleza fundoni, inanyooka, na jua la uani linaila.

Tukachukua katani. Aliilowesha ipate ulaini, akafunga fundo la kwanza miguuni, akatandika mtande kwa urefu wa kitanda. Kisha akaanza kupitisha kamba za kukata upana, juu ya mbili, chini ya mbili, akisogea hatua moja kila mstari, mpaka mshazari ukaanza kujitokeza wenyewe. Hapo ndipo niliposahau mchicha. Kila baada ya mistari michache aliacha kusuka, akaidonoa kamba moja kwa ukucha, akasikiliza, akadonoa ya jirani, kama mpiga udi kabla ya taarabu. Ikitofautiana sauti, aliifuata kamba ile kwa vidole hadi ilikoanzia, akauchukua ulegevu wake na kuusukuma mbele, kitanzi kwa kitanzi, akipita kazi yote aliyokwisha kuimaliza. Hakuvuta kwa nguvu hata mara moja. Nguvu, alisema, inakaza pale ulipo na kuacha ulegevu kwingine, na mgongo wa mlalaji utaugundua tu usiku wa manane.

Kati ya msuko na kitakizo cha miguuni aliacha nafasi ya kama shubiri, akaijaza kamba nene za kukazia. Ndiyo busara ya kitanda cha teremka tukaze: fundi anajua fika kwamba kazi yake italegea, basi anaacha mahali pa kuishika itakapolegea, hata na asiye fundi. Mafundi wa vitu vya kisasa wangeacha shubiri kama hiyo, nusu ya vyombo vilivyolala stoo vingekuwa bado vinafanya kazi.

Alipomaliza aliketi katikati, akainuka, akakaza tena, akaketi upande wa mchagoni. Akatuambia tukilalie wiki mbili kwanza, tukaze, ndipo tuanike kitu kizito. Kipande cha katani kilichobaki hakukichukua. Alichungulia bustani yangu, akakikata vipande vipande na kunikabidhi nifungie nyanya.