Kiswahili cha nani kimo ndani ya kompyuta? Zana mpya na darasa la Kisangani

Mjadala kuhusu teknolojia darasani mara nyingi huishia kwenye idadi ya mashine, umeme na gharama ya intaneti. Kwa mji wa Kisangani hayo si mambo ya kupuuzwa, kwani bwawa la Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, limeshindwa mara nyingi kuutosheleza mji kwa umeme. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuhakiki jambo ambalo lingebaki hata kama umeme ungewaka usiku na mchana, yaani Kiswahili kilichotiwa ndani ya zana hizo.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ya lugha mahali hapa. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya Stanley pamoja na misafara ya waungwana, na mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa eneo hilo. Tangu hapo kimekua bega kwa bega na Lingala, mbali na kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha makoloni ya Waingereza kwa msingi wa Kiunguja. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa kutumika katika kufundishia. Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili hapa anatimiza sheria. Swali ni kama zana anazopewa zinamtambua.

Hebu tuchukue programu ya kawaida ya kukagua tahajia. Mwanafunzi wa Kisangani anaandika *batoto banasomaka*. Maneno yote mawili yanapigiwa mstari mwekundu, kama kwamba mwandishi amekosea herufi. Kwa hakika hakuna herufi iliyokosewa. Kiambishi *ba-* hapa ni cha ngeli ileile ambayo Kiswahili sanifu huiwekea *wa-*, na *-aka* huonyesha tendo la mazoea, kama ilivyo katika Lingala na lugha nyingine nyingi za Kibantu. Tena, sanifu husema *husoma*, umbo lisilobeba kiambishi cha mtenda. *Banasomaka* linamtaja mtenda na mazoea kwa pamoja. Katika kipengele hiki kimoja, umbo linalohukumiwa ndilo lenye habari zaidi! Hali ni hiyohiyo kwa *tutoto*, wingi wa *katoto*, ambao ni mfumo kamili wa udogoshi wala si utani wa mitaani.

Kosa si la mashine. Programu hurudia kamusi na matini ilizolishwa, na sehemu kubwa ya matini hizo imeandikwa Tanzania na Kenya. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulikuwa hatua ya kusifiwa, nasi hatuna sababu ya kuulaumu kwa kufuata sanifu ya nchi yake. Lawama inamhusu anayeichukua zana ya namna hiyo, akaiweka mbele ya mtoto wa Makiso au Mangobo, kisha akauita wekundu wa kioo "makosa ya mwanafunzi".

Watakuwapo watakaotupinga kwamba bila sanifu mwanafunzi huyu atatengwa na vitabu na vyuo vya Afrika Mashariki. Hoja hiyo ni nzito, nasi tunaikubali: sanifu ifundishwe, na ifundishwe vizuri. Lakini hujifunza kwa wepesi zaidi yule anayeelezwa kwamba *wanasoma* na *banasoma* ni maumbo mawili yanayolingana, kuliko yule anayeambiwa kwamba lugha ya mama yake ni takataka. Mashine inaweza kusema hivyo ikitakiwa. Orodha ya kimataifa ya alama za lugha, ISO 639-3, tayari inakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh. Mwaka 2020 mradi wa TICO-19, uliotafsiri habari za korona kwa lugha nyingi, ulivishughulikia Kiswahili na Kiswahili cha Kongo kila kimoja peke yake. Kilichofanywa kwa ajili ya maradhi kingeweza kufanywa kwa ajili ya sarufi.

Kazi hiyo haina budi kuanzia kwa walimu, na hapa Kisangani ina nafasi ya pekee. Chuo kikuu kilichozaliwa mwaka 1963 kilipokea kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu katika mageuzi ya mwaka 1971, na kikapata uhuru wake mwaka 1981. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa kitivo hicho hurekodi sauti bila intaneti. Akirekodi hadithi ya bibi yake kwa idhini yake, mazungumzo ya soko kuu, au habari za Kiswahili za Redio Okapi, iliyo hewani tangu mwaka 2002, kisha akazinukuu na kuzilinganisha na sanifu neno kwa neno, atakuwa na somo la sarufi tayari. Matini hizo zikihifadhiwa kwa utaratibu, zikiwa na jina la mahali na tarehe, ndizo zitakazolishwa programu ijayo. Zisipokusanywa hapa, *banasomaka* itaendelea kupigiwa mstari mwekundu.