Inua Pezi la Ubavu

Picha hiyo wengi wameiona. Jodari ananing'inia kwa mkia kwenye mlingoti wa gati, jua la saa saba mchana likimpiga mgongoni, na pembeni yake wamesimama wageni wanne wenye miwani myeusi na tabasamu pana. Maelezo yake hayabadiliki: siku tatu baharini, kilo 50 na ushei, boti bora mwambao mzima. Imetundikwa kwenye kuta za hoteli, imechapwa katika majarida ya usafiri, na safari zinauzwa kwa nguvu yake. Aliyewahi kufanya kazi tezini mwa boti ya kukodi haoni sifa yoyote pale. Anamwona samaki mzuri aliyeharibiwa, na walioharibu wakipiga naye picha.

Inaudhi, kwa sababu kazi hii ina wajuzi wake na wajuzi hao hawatajwi. Kumfuata jodari kwa siku kadhaa ni kazi tofauti kabisa na kurambaza nje ya mwamba asubuhi na kurudi na nguru wawili. Kutoka Dar es Salaam hadi Fungu Mbaraka, kile kisiwa ambacho ramani za kigeni hukiita Latham, ni kama kilomita 70 za bahari wazi. Huko hakuna mti, hakuna kisima, hakuna ghuba ya kujifichia upepo ukigeuka. Kuna mchanga, mwamba na ndege wa baharini wanaotagia hapo kwa maelfu, kisha bahari inashuka ghafla mpaka kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana jodari hupita karibu. Watu watapika, watalala na kuamka ndani ya boti, na kila samaki atakayeuawa siku ya kwanza lazima afike bara akiwa bado chakula.

Vipimo vya kawaida vinajulikana na havihitaji maneno mengi. Injini mbili. Redio inayofika bara. Maboya ya kujiokolea yaliyo mahali pa kufikiwa na mkono, wala hayakufungiwa chini ya magodoro. Nahodha anayewatazama ndege kabla ya kutazama kioo cha mashine: membe wakizunguka juu bila kushuka, samaki bado yuko chini, wakianza kupiga maji kwa pamoja, amepanda. Chambo bandia cheusi na chekundu alfajiri, cha buluu na cheupe jua likishapanda. Anayefanya kinyume hajafundishwa. Muziki mkubwa tezini ni alama ya boti isiyomjua jodari. Safari ya kweli ni siku tatu, kwani mbili hazitoshi kuizoea bahari na tano barafu ya boti zetu haizimudu. Likiwapo pia jina la mwandishi Hemingway ubavuni mwa boti, lipuuzwe. Alivua Shimoni, Kenya, mwaka 1954, na jina lake halijawahi kupoza samaki.

Haya yote mgeni anaweza kuyachunguza akiwa amesimama gatini. Asiloliona kamwe limefichwa chini ya pezi la ubavu.

Jodari akiwa amelazwa, pezi lile refu hulala katika kijishimo chake kama kisu ndani ya ala. Linyanyue. Nyuma ya shina la pezi, kwa upana wa vidole vitatu, tafuta mchano mdogo wa kisu ambao kina chake hakizidi pingili moja ya kidole. Mgeuze, utazame upande wa pili: uwepo mwingine uliolingana nao. Hapo ndipo mshipa mkubwa wa damu unapopita karibu na ngozi. Michano hiyo ikiwa safi, midogo na mahali pake, boti ina baharia anayejua kazi. Ikikosekana, hakuna haja ya kuuliza mengine. Ikiwa mirefu na imechanikachanika, mtu alisoma mahali kwamba damu hutolewa, akakata kwa kubahatisha.

Sababu iko katika maumbile ya samaki mwenyewe. Jodari huogelea bila kupumzika maisha yake yote, na mishipa yake imepangwa kwa namna inayozuia joto la misuli lisipotelee matamvuani, hivyo ndani yake kuna joto zaidi kuliko maji anamoishi. Akipigana na mshipi kwa saa nzima, joto hilo hupanda zaidi na misuli hujaa asidi. Asipotolewa damu na kupozwa upesi, nyama yake hupauka, hulegea, huwa kama imechemshwa nusu. Wajapani wana neno la hali hiyo, “yake”, lenye maana ya kuungua. Mabaharia wa kwetu nao husema hivyo hivyo, ameungua, bila kufundishwa na Mjapani.

Baharia mmoja mtu mzima wa Kizimkazi, aliyefanya kazi katika boti za kukodi tangu ujana, alikuwa akitazamwa na vijana wote wa tezini kila jodari alipoingia. Hakukimbia. Samaki alilazwa juu ya godoro jembamba lililoloweshwa, asije akajipigapiga sitahani akavilia damu. Mkono wa kushoto ulifunika jicho, kwa kuwa jodari aliyefunikwa jicho hutulia. Wa kulia ulipitisha mche mwembamba wa chuma katika lile doa laini juu ya kichwa, katikati ya macho na nyuma yake kidogo. Mwili ulitetemeka mara moja, taya ikaachia, mapezi yakasimama kisha yakalala. Hapo ndipo kisu kilipoingia chini ya pezi, kulia na kushoto, na mpira wa maji ya bahari ukaelekezwa kinywani mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Kijana mwingine alikuwa ameshaweka mkono kwenye mfuniko wa kasha la barafu. Mgeni mmoja alipoomba samaki aachwe kwanza apigwe picha, mzee alimjibu kwa upole: “Subiri, bwana. Akishapoa tutamtoa, atakuwa bado yuleyule.”

Kasha nalo linahukumiwa kwa yaliyomo ndani. Mapande makubwa ya barafu yakipangwa kavu hugusa samaki sehemu chache, na kati yake hubaki hewa ya joto. Kinachotakiwa ni uji: barafu iliyopondwa, mafungu mawili, na fungu moja la maji ya bahari, vikorogwe mpaka samaki azame na kufunikwa kote. Chumvi huufanya uji huo ushuke hata chini ya nyuzi sifuri, na ukimzunguka samaki mzima, joto la katikati ya mnofu hupata njia ya kutoka. Hesabu ya wajuzi ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na kwa siku tatu katika jua letu, zaidi ya hapo.

Hapa ndipo walaghai wanapofanyia kazi yao. Wapo wanaotandaza barafu nyeupe juu ya kasha, mgeni akifunua aone inang'aa, kumbe chini ni chupa za maji na soda. Wapo wanaonunua jodari kwa wavuvi wa ngalawa njiani na kumfunga kwenye ndoana ya mgeni aliyesinzia. Wapo wanaomwambia mgeni amnyooshe samaki kuelekea kamera kwa mikono miwili ili kilo 15 zionekane 30. Huu wa mwisho ni utoto tu. Ule wa barafu ni hatari, maana katika nyama ya jodari iliyoachwa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga, na watu husema samaki amemkataa.

Wala rangi isimdanganye mtu. Mnofu mwekundu unaong'aa ndio unaosifiwa na wasiojua, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Mwaka 2017 nchini Hispania watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula jodari, na wakaguzi wa Ulaya wakafichua biashara ya kutia rangi samaki aliyestahili makopo ili auzwe kama mbichi. Wanunuzi wa mnada wa Toyosu, Tokyo, hukata kipande cha mkia, hummulika kwa tochi na kusugua mafuta yake kwa vidole. Hawamalizii hukumu kwenye wekundu.

Kwa safari ndefu, shule kubwa ni San Diego, Marekani, ambako boti za kukodi hushuka hadi maji ya Mexico na kukaa huko wiki moja hata mbili, samaki wakiwa katika matangi ya maji ya bahari yanayopozwa kwa mashine. Mwaka 1977, kwenye kisiwa cha San Benedicto, alitoka jodari wa mapezi ya njano wa kilo 176 ambaye rekodi yake ilidumu zaidi ya miaka 30. Rekodi inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, tangu 2012 ni kilo 193.68, samaki wa Cabo San Lucas. Mwaka huo huo boti iitwayo Excel ilirudi na mwingine mzito zaidi, wa kilo zaidi ya 200, na hakuingia vitabuni kwa kuwa mkono wa mtu mwingine uliigusa fimbo wakati wa pambano. Kanuni hairuhusu. Boti ya namna hiyo, inayokubali kumkosa samaki wa karne kwa kusema kweli, ndiyo ya kupandwa.

Kwetu uaminifu huo ulikuwapo bila mashine. Mabaharia wa zamani walikuwa na magunia. Gunia lililoloweshwa maji ya bahari likafunikwa juu ya samaki, likamwagiwa tena kila baada ya muda, na upepo ukafanya kazi ya kupoza mpaka kasha lilipofunguliwa. Leo sitaha za plastiki nyeupe zinawaka kama kikaango saa sita, zina vishikio vya vikombe na spika nne, na gunia halimo. Viti vimekuwa vizuri, samaki wamekuwa wabaya.

Jambo moja zaidi, na boti chache hulifuata. Mwaka 2015 wataalamu wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Ushelisheli, walisema jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Nahodha mzuri hana haja ya kusubiri serikali imwekee kikomo, kwa sababu kasha lake lina kikomo tayari. Barafu ikishachukua samaki inaoweza kuwapoza, wanaofuata hufunguliwa ndoana wakiwa majini, hata kama mgeni amelipa na ananuna. Anayeendelea kuua na kulundika sitahani aachwe, awe na boti ya namna yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa arubuni, nenda gatini siku boti hiyo inaporudi kutoka safari ya watu wengine. Usiulize kilo. Omba jodari mmoja atolewe kwenye kasha, umlaze, uinue pezi la ubavu pande zote mbili, kisha uingize mkono ndani ya kasha mpaka chini. Mkono usipouma kwa baridi, rudi na pesa yako nyumbani.