Taaluma Tatu, Hojaji Moja: Uhakiki wa Utafiti wa UK BEAM kuhusu Tiba ya Mikono kwa Maumivu ya Mgongo

Utafiti wa UK BEAM, uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la British Medical Journal, hutajwa kama kielelezo cha utafiti wa taaluma mtambuka katika tiba ya mikono. Sifa hiyo unaistahili, lakini kwa sehemu tu. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ushirikiano wa taaluma ulifanikiwa katika kuandaa tiba, lakini haukufika kwenye kipimo cha matokeo. Kwa mtafiti anayekusudia kuufuata utafiti huo miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, pengo hilo ni zito kuliko linavyoonekana katika makala yenyewe.

Ni vyema kwanza kueleza ulikotoka. Mwaka 1990, T. W. Meade na wenzake walichapisha katika jarida hilohilo ulinganisho wa wagonjwa 741 wa maumivu ya kiuno. Baadhi walitibiwa kwa kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha pingili za uti wa mgongo, na wengine katika idara za wagonjwa wa nje hospitalini. Kundi la kiropraktiki lilipata nafuu zaidi. Wapinzani wakahoji: kundi hilo lilitibiwa katika kliniki binafsi, basi kilichopimwa ni mikono ya mtabibu au utulivu wa kliniki? Lilikuwa swali la haki, na UK BEAM ulilijibu kwa muundo wake. Wagonjwa 1,334 kutoka vituo 181 vya madaktari wa familia nchini Uingereza waligawanywa kwa nasibu. Waliopangiwa tiba ya mikono waligawanywa tena, baadhi wakatibiwa katika kliniki binafsi na wengine katika majengo ya huduma ya afya ya taifa. Haikuonekana tofauti ya maana kati ya mahali hapo pawili. Mgogoro wa zaidi ya miaka kumi ulipata jibu la takwimu badala ya jibu la kelele.

Jambo la pili la kusifiwa ni makubaliano ya wenye taaluma. Osteopathia ilianzishwa Marekani na A. T. Still katika miaka ya 1870, na kiropraktiki na D. D. Palmer mwaka 1895. Kila moja ilikuja na nadharia yake ya chanzo cha ugonjwa, na zote mbili zilitazamwa kwa shaka na madaktari. Katika UK BEAM, wawakilishi wa taaluma hizo mbili pamoja na wa fiziotherapia walikubaliana juu ya mkusanyiko mmoja wa mbinu, uliotolewa hadi mara nane ndani ya wiki 12. Wapo watakaosema kwamba mbinu zikichanganywa hivyo haijulikani ni ipi iliyosaidia. Ni kweli, ila pingamizi hilo linaukosea utafiti shabaha yake. Swali lake lilikuwa la kiutendaji: je, daktari wa familia akimpeleka mgonjwa kwa mtabibu wa mikono, mgonjwa atapata nafuu kuliko akibaki na huduma bora ya kawaida? Kosa ni la wanaoutaja kuwa ushahidi kwamba pingili “zilirudishwa mahali pake.” Utafiti haukuwa na kundi lililopewa tiba ya kuigiza. Kwa hiyo ndani ya matokeo yake mna msukumo wa mkono, mguso, mazungumzo, na faraja ya kusikilizwa, na hakuna namna ya kuvitenganisha.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kipimo kikuu kilikuwa hojaji ya Roland na Morris ya mwaka 1983, yenye kauli 24. Kila kauli ambayo mgonjwa anaikubali huhesabiwa alama moja. Baada ya miezi mitatu, tiba ya mikono iliwazidishia wagonjwa nafuu ya alama 1.6 juu ya ile ya huduma bora ya kawaida, na baada ya miezi 12 alama 1.0. Ilipofuatiwa na mazoezi, tofauti ilikuwa 1.9 na 1.3. Watafiti wenyewe hawakutia chumvi. Walieleza kuwa manufaa ya tiba ya mikono peke yake ni madogo hadi ya wastani kwa miezi mitatu, na madogo kwa mwaka.

Tofauti ndogo namna hiyo inadai kipimo kisichoyumba, na Kiswahili kinaiyumbisha hojaji hii. Kauli zake zinahusu mambo kama kuvaa soksi na kushika ukingo wa ngazi, na zinamtaka mgonjwa ayahusishe na mgongo wake. Mtu wa kwetu anayeumwa sehemu ya chini ya mgongo mara nyingi husema anaumwa kiuno. Akiulizwa kuhusu mgongo, anaweza kujibu kwa ukweli kabisa kwamba mgongo hauna tatizo. Alama zake za mwanzo zitakuwa chini kuliko hali yake, na tiba itakosa pa kuonyesha nafuu. Suluhisho la kubadili neno tu halitoshi, kwa sababu kiuno kina mzigo wake: kinahusishwa na uzazi na nguvu za kiume, na mzee wa makamo hatakizungumzia kwa urahisi mbele ya msaili aliye rika la binti yake. Zaidi ya hayo, hojaji haiulizi kuhusu kusujudu, kuinama kufua au kufagia kwa ufagio mfupi, kazi ambazo ndizo zinazomjulisha mtu kwamba kiuno chake kimeharibika. Hapa panahitajika mwanaisimu na mwanaanthropolojia kabla ya mtakwimu.

Upande wa shingo hauna tatizo hilo la neno, ila una somo lingine. Katika utafiti wa Bronfort na wenzake wa mwaka 2012, uliowahusu watu 272, tiba ya mikono ilizidi dawa, lakini mazoezi ya nyumbani yenye maelekezo machache yalikaribiana nayo. Utafiti wa kwetu usiokuwa na kundi la mazoezi ya nyumbani utakuwa umekwepa mshindani wa bei nafuu.

Tena, ni mikono ya nani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unaruhusu tiba ya kusukuma pingili na ya kukanda kwa maumivu sugu ya kiuno ya watu wazima, kwa masharti, kwa kuwa uhakika wa ushahidi ni mdogo. Wakandaji na wachuaji tunao mitaani, na wagonjwa wengi huanzia kwao. UK BEAM uliwaweka meza moja waliokuwa wakitiliana shaka. Tasnifu inayodai kuufuata kisha ikamchukua mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali peke yake imenakili jedwali na kuiacha mbinu. Mtahini ana haki ya kuomba kwanza kiambatisho cha hojaji, na kuuliza ni neno gani watafitiwa walilitumia wenyewe kabla ya kusomewa lile la mtafiti.